Neno la Mnyonge Mbele ya Sheria

Watu wenye ulemavu wa akili ni wale ambao tangu utotoni hupata taabu kujifunza, kufahamu mambo magumu, au kujitunza pasipo msaada. Aghalabu wamechukiwa na kuonewa kwa sababu ya hali wasiyojitakia. Historia ya Uingereza yatuonyesha jinsi taifa moja lilivyojifunza, polepole na kwa gharama kubwa, kuwalinda watu hao.

Mwaka wa 1913 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoruhusu kuwatenga katika makao maalumu, na wengi walikaa humo miaka mingi, mbali na jamaa zao. Na aliyefichwa machoni pa watu, nani atasikia kilio chake? Mwaka wa 1946 Judy Fryd, mama aliyekuwa na binti mwenye ulemavu huo, aliwakusanya wazazi wenziwe wakaunda chama cha kuwatetea watoto wao. Sheria ile ilifutwa mwaka wa 1959, na katika miaka iliyofuata makao mengi yakafungwa, wakaazi wake wakaenda kuishi mitaani.

Lakini kuishi kati ya watu si kukubaliwa nao. Wako waliotukanwa njiani na kupigiwa mawe madirishani. Wako walionyang'anywa fedha na watu waliojifanya rafiki zao. Sheria ya mwaka wa 2003 iliagiza kwamba mtu akitenda kosa kwa chuki juu ya ulemavu, hakimu ahesabu chuki hiyo kuwa inazidisha uzito wa kosa.

Hata hivyo, mwaka wa 2007, katika jimbo la Leicestershire, mama mmoja na bintiye mwenye ulemavu walifariki baada ya kuudhiwa na vijana wa mtaa kwa miaka mingi. Mama huyo alikuwa amewapasha polisi habari zaidi ya mara 30. Kila tukio lilitazamwa peke yake, kama utundu wa vijana tu. Jopo lililochunguza vifo hivyo mwaka wa 2009 liliona kwamba makosa ya polisi na ya halmashauri yalichangia msiba ule. Sheria ilikuwapo, aliyekosekana ni mtu wa kusikiliza na kuyaunganisha mambo.

Basi msaada wa kwanza ni kumsadiki anayelalamika. Wa pili ni kumsaidia kuandika kila tukio na tarehe yake, na kufuatana naye kituoni. Wa tatu ni kumwezesha kusema mahakamani. Sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1999 yamruhusu shahidi wa namna hiyo kukingwa kwa pazia asimwone mshtakiwa, na kupewa msaidizi wa kumfafanulia maswali kwa maneno mepesi.

Nasi Kenya tunayo njia hiyo. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 50, yairuhusu mahakama kukubali mtu wa kati amsaidie mlalamikaji kuwasiliana nayo. Na kifungu cha 54 chataka mlemavu atendewe na kuitwa kwa heshima. Wazee wetu walikwisha kutuonya: hujafa, hujaumbika. Basi, msomaji, usikiapo mwenzio akiitwa kwa jina la dhihaka, usicheke pamoja na wachekao. Kaa karibu naye, umsikilize mpaka amalize kusema, kisha umpeleke kwa mtu mzima atakayemtetea.