Sayansi ya Jamii na Itikadi za Wanafunzi wa Mlimani, 1966–1970

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kukatwa asilimia 60 ya mishahara, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu vijana 400. Miaka minne baadaye, chuoni humo humo walikuwamo wanafunzi walioilaumu serikali kwamba ujamaa wake ulikuwa haujafika mbali.

Badiliko hilo la itikadi, yaani la mtazamo wa mtu kuhusu jinsi mali na madaraka yanavyostahili kugawanywa, lilitanguliwa na Azimio la Arusha la Februari 1967 na mkutano wa Machi mwaka huo, uliojadili wajibu wa chuo katika nchi ya kijamaa na kufungua njia ya somo la maendeleo kwa wanafunzi wa fani zote. Hata hivyo, somo la lazima huweza kufaulisha mtu mtihani bila kumgusa moyo. Kilichowagusa zaidi vijana wa Mlimani ni kusoma kwa hiari, kwani chama cha wanamapinduzi wanafunzi, USARF, kilichoundwa mwaka 1967, kiliendesha madarasa ya Jumapili ambamo Marx na Fanon walisomwa na kubishaniwa, huku mwanahistoria Walter Rodney akiwa miongoni mwa walimu waliowaunga mkono. Humo ndimo lilimozaliwa jarida la Cheche, ambalo mwaka 1970 lilichapa uchambuzi wa Issa Shivji, aliyekuwa mwanafunzi wa sheria, kuhusu mapambano ya kitabaka nchini, yaani mvutano kati ya wazalishaji mali na wanaoitawala mali hiyo.

Mafunzo hayo hayakuishia vitabuni. Wanachama walizuru maeneo ya Msumbiji yaliyokombolewa na FRELIMO, chama cha ukombozi wa nchi hiyo, na mwenyekiti wa USARF, Yoweri Museveni, akaandika tasnifu iliyopima nadharia ya Fanon kuhusu matumizi ya nguvu katika ukombozi kwa yale aliyoyaona huko.

Novemba 1970 USARF na Cheche vilipigwa marufuku, sababu mojawapo ikiwa kwamba jina la jarida lilifuata lile la gazeti la Lenin, ilhali Tanzania ilijenga ujamaa wake yenyewe. Mjadala ulihamia katika jarida la MajiMaji la vijana wa chama tawala, TANU. Lakini itikadi ya ujanani si lazima idumu: Museveni aliingia madarakani Uganda mwaka 1986, na mwaka uliofuata serikali yake ikapokea masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa.