Dang'a Si ya Ndama Peke Yake

Muulize mfugaji yeyote wa Bunda au Butiama: ndama akinyimwa dang'a, atapona kweli? Atakucheka. Lakini katika baadhi ya nyumba zetu, mke akijifungua, dang'a yake hukamuliwa chini eti ni chafu, na kichanga hupewa maji ya uvuguvugu au uji mwepesi.

Utumbo wa kichanga ni laini, na wa mtoto njiti ni laini zaidi. Upo ugonjwa unaowaandama hasa njiti: utumbo huvimba, sehemu yake hufa, na pengine hutoboka. Wengine hufariki hata baada ya upasuaji.

Kinga yake imetafutwa kwa miaka mingi. Mwaka 1909, mjini Vienna, Austria, ilifunguliwa benki ya kwanza ya maziwa ya akina mama. Baadaye maziwa ya kopo yakatawala, na UKIMWI ulipoingia miaka ya 1980, benki nyingi zikafungwa. Kumbe mambo bado. Mwaka 1990 Alan Lucas na Tim Cole wa Uingereza walitoa matokeo ya kuwafuatilia njiti 926. Waliolishwa maziwa ya kopo tu waliugua mara 6 hadi 10 zaidi ya waliopata maziwa ya mama tu.

Tiba nyingine zikajaribiwa. Laktoferini, protini itokayo katika maziwa ya ng'ombe, ilipewa njiti wa Uingereza. Matokeo ya mwaka 2019 hayakuonyesha nafuu. Bakteria rafiki wanatia matumaini, ila uchunguzi unaendelea. Mwaka huohuo, Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya maziwa, ya kwanza nchini Kenya. Maziwa ya benki hupashwa moto wa nyuzi 62.5 kwa dakika 30, na virusi vya UKIMWI hufa.

Mama wa Musoma asingoje benki. Kinga ya kwanza anayo kifuani. Amnyonyeshe mtoto ndani ya saa ya kwanza, na kwa miezi 6 asimpe hata maji. Njiti asiyeweza kunyonya akamuliwe, anyweshwe kama muuguzi atakavyoelekeza. Mwenye virusi naye anyonyeshe huku akimeza dawa zake bila kukosa.

Na wewe bibi uliyekwisha kubandika sufuria, uji huo mpe mzazi, ndiye mwenye njaa. Mtoto mwachie dang'a.