Mvi za Mzee Mandela

Wale mlioanza kuficha mvi kwa piko, leo nina kisa chenu.

Mwaka 1952 Nelson Mandela na Oliver Tambo walifungua ofisi yao ya uwakili hapa hapa Joburg, jengo la Chancellor House. Tazameni picha zake za miaka ile: nywele nyeusi tii, na njia imechongwa upande mmoja. Mwaka 1962 akapita Dar kuonana na Mwalimu. Aliporudi kwao, mwaka huo huo, akakamatwa.

Sheria ya magereza ya 1959 ilikataza kuchapisha picha za wafungwa. Basi watu wakabaki na ile sura ya zamani, na watoto wakakua bila kujua sasa anafananaje. Tarehe 11 Februari 1990 akatoka, ana miaka 71: nywele fupi, mvi tele. Miaka 27 yote ilisomeka pale kichwani. Angezipaka piko, jamani, si ingekuwa kama kuwafutia deni waliomfunga?

Na hata kwa kupendeza tu, mkato ule unafaa. Nywele zikiwa ndefu, mvi huonekana mabaka mabaka. Zikikatwa fupi, na pembeni zikapunguzwa zaidi, nyeusi na nyeupe huchanganyika vizuri. Kinyozi yeyote wa Kariakoo anauweza.

Kwa hiyo wajomba zangu, hela ya piko nunulieni sukari. Haya, tuonane tena!