Kashata ni tofi yetu: sukari ya pwani ilikotoka, na jinsi ya kupika tofi ya nazi na kakao nyumbani



Kila nikitembelea vikundi vya akina mama, kuanzia Bunju, Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo mjini, swali la chokoleti halikosi. Wameona vile vipande vidogo vya tofi vilivyopakwa chokoleti na kufungwa karatasi ya kung'aa, wanataka kujua kama vinaweza kupikwa kwenye jiko la mkaa na kuuzwa. Vinaweza. Ila naomba usikimbilie dukani kununua kakao kabla hujakitazama vizuri kitu ulichokijua tangu utoto, yaani kashata.

Kashata ya karanga ni sukari iliyoyeyushwa sufuriani bila maji mpaka ikageuka rangi, kisha ikatiwa karanga na kutandazwa kwenye sinia. Hiyo sukari ya kahawia ndiyo inayoitwa karameli kwenye makaratasi ya dukani. Mzee anayetembeza birika la kahawa chungu jioni anauza karameli miaka yote bila kuiita hivyo. Kinachotofautisha kashata na tofi laini ya dukani ni mafuta: tofi huongezwa maziwa na siagi ili isiwe ngumu kama kioo. Nasi mafuta tunayo, yananing'inia mnazini.

Kwa hiyo nusu ya kazi unaijua tayari. Nitakupa nusu nyingine hapo chini, lakini kwanza nataka ujue sukari hii tuliipataje, kwa sababu aliyeisahau historia ya sukari huiona kama chumvi, kitu cha kununua tu na kumwaga. Wakati kwa mpika kashata, sukari ndiyo inayoamua kama utapata faida au utapika bure.

Sukari ya Pangani

Leo ukitajiwa sukari ya Tanzania unafikiria Kilombero, Mtibwa, Kagera, au TPC kule Moshi, na tangu 2022 pia kiwanda cha hapa kwetu Bagamoyo, upande wa Makurunge. Katika karne ya 19, kabla ya viwanda hivyo vyote, sukari ya mwambao huu ilitoka Pangani, kaskazini mwa Bagamoyo. Matajiri wa Kiarabu na wa Kishirazi walilima miwa kwenye kingo za Mto Pangani. Maji ya miwa yalikamuliwa na kuchemshwa kwenye masufuria makubwa ya wazi mpaka yakawa asali nzito au sukari guru, na majahazi yakapakia kwenda Unguja na Uarabuni. Majina yenyewe yanakuonyesha njia iliyopitwa: "guru" ni lile neno la Wahindi, gur, na "sukari" tumelichukua kwa Waarabu, ambao nao asili ya neno lao ni India. Hata mtaji wa mashamba hayo ulitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na matajiri wengi walilala na madeni.

Na walioifanya kazi hiyo walikuwa watumwa.

Hapa bwana shamba nakuomba utulie kidogo. Mkulima yeyote wa miwa atakwambia kwamba mua ukishakatwa haungoji. Usipokamuliwa ndani ya siku moja au mbili utamu unaanza kupungua, na maji yake yakishakamuliwa yasipochemshwa upesi yanachacha. Shamba la mtama au la minazi linakuruhusu kupumzika, la miwa halikuruhusu. Wakati wa mavuno lazima kuwe na watu wa kukata, wa kubeba, wa kukamua, wa kupasua kuni na wa kusimama juu ya moto, wote kwa pamoja, mchana hata usiku. Desturi ya pwani ilikuwa kumwachia mtumwa wa shambani siku mbili za juma, kwa kawaida Alhamisi na Ijumaa, alime kishamba chake mwenyewe. Miwa haikuipenda desturi hiyo, na wenye mashamba walianza kuipindua.

Mwaka 1873 mambo mawili yalikutana. Mwezi Juni Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba na Waingereza wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Lakini watu waliokwisha kuletwa pwani hawakurudishwa makwao. Wengi walibaki huku huku bara, wakauzwa kwa bei ya chini, na mashamba ya miwa yakawameza. Mwaka huo huo watumwa wa Pangani wakaasi. Walitoka mashambani, wakajijengea makazi yao, na mabwana zao hawakuwa na nguvu ya kuwarudisha.

Miaka 15 baadaye, 1888, pwani nzima kuanzia Pangani hadi Bagamoyo iliwaka moto dhidi ya kampuni ya Wajerumani. Kiongozi aliyejulikana zaidi, Abushiri bin Salim, alikuwa mwenye shamba la miwa karibu na Pangani. Wajerumani walimnyonga mjini humo tarehe 15 Desemba 1889. Vitabu vya shule vinamwita shujaa wa kupinga ukoloni, sawa, nami sipingi. Ila miwa yake ilikatwa na watumwa, na mwanao akikuuliza, mwambie yote mawili. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu, chini ya Waingereza. Siyo zamani sana.

Nazi

Upande wa nazi, Bagamoyo haihitaji kujisifu. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika 1868 na kuanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa, minazi ilikuwa miongoni mwa mazao waliyoyapanda kwa wingi. Kimbunga cha Aprili 1872, kile kilichoangusha mikarafuu ya Unguja, kiliipiga misheni hii pia, ikabidi waanze upya.

Mnazi mrefu wa kienyeji huchukua miaka sita hadi minane kuanza kuzaa, kisha ukakulisha miaka zaidi ya sitini. (Maji moto, wale siafu wekundu wanaojenga viota vya majani juu ya mti, usiwapulizie dawa. Wanakuuma, lakini wanakula mdudu anayefyonza nazi changa na kuziangusha.) Ukiuza nazi nzima kwa mchuuzi shambani unapata bei anayoitaka yeye. Ukiikuna na kuipika, bei unapanga wewe.

Mfano wa karibuni

Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilizuia viwanda kuvuna miwa. Sukari ikaadimika, na sehemu nyingi kilo moja ikavuka shilingi 4,000, hata Bodi ya Sukari ilipotangaza bei elekezi. Wapika kashata wengi waliendelea kuuza kipande kwa bei ile ile kwa kuogopa kupoteza wateja. Tupige hesabu. Tuseme robo kilo ya sukari inakutolea vipande 30 vya shilingi 100, jumla shilingi 3,000. Sukari ikiwa shilingi 3,000 kwa kilo, robo ni 750. Ikipanda hadi 4,400, robo ni 1,100. Hizo 350 zinatoka mfukoni mwako kila sinia, kabla hujagusa bei ya mkaa. Ukipika masinia 20 kwa mwezi, umepoteza 7,000. Dawa yake siyo kupunguza sukari, kwa sababu kashata haitashikana. Kata vipande vidogo kidogo zaidi, au anza kupika kitu ambacho mteja yuko tayari kukilipia zaidi. Hapo ndipo tofi ya kakao inapoingia.

Namna ya kupika

Kwanza elewa hali ya hewa yetu. Chokoleti halisi huyeyuka ikifika nyuzi joto 34 hivi, na kuanza kulainika kabla ya hapo. Kipande kilichopakwa chokoleti, kikitembezwa kwenye sinia Januari pale stendi, kitafika kwa mteja kikiwa uji. Kashata inastahimili jua. Adui yake ni unyevu. Ndiyo maana kashata ilidumu huku kwetu, na ndiyo maana nakushauri kakao uichanganye ndani ya tofi badala ya kuipaka nje. Ladha ya chokoleti unaipata, na hakuna cha kuyeyuka mkononi.

Kakao unaweza kununua ya unga, isiyo na sukari. Asili yake ni Amerika, lakini Kyela mkoani Mbeya inalimwa kwa wingi. Usishangae ikiwa ghali: mwaka 2024 mavuno ya Ghana na Ivory Coast yalikuwa mabaya, na bei ya soko la dunia ikavuka dola 10,000 kwa tani.

Andaa sukari robo kilo, tui zito la nazi mbili zilizokomaa (koroma lina maji mengi, liache), vijiko viwili vya chakula vya siagi, vijiko viwili vya kakao iliyochekechwa, chumvi kidogo sana, na hiliki tano zilizotwangwa ukipenda. Pasha tui moto liwe vuguvugu, weka pembeni. Weka sukari kwenye sufuria nzito, moto mdogo, bila maji. Usiikoroge sana, tikisa sufuria tu. Ikishayeyuka na kuwa rangi ya asali, ipua. Usingoje iwe kahawia kabisa, kwani sufuria ya moto inaendelea kupika hata ikiwa chini, na sukari iliyoungua ni chungu, hairekebishiki. Watoto wakae mbali: sukari iliyoyeyuka ina moto kuliko maji yanayochemka mara moja na nusu, na inaganda kwenye ngozi.

Mimina tui kidogo kidogo. Litaruka na kutoa mvuke, na sukari inaweza kuganda mabonge. Usiogope, rudisha jikoni, itayeyuka. Tia chumvi na siagi, koroga kwa mwiko bila kuacha, moto mdogo. Mafuta yakianza kujitenga, ongeza kijiko cha maji ya moto na ukoroge kwa nguvu. Ukiona imeanza kuachana na sufuria, dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi. Likiwa bonge linalobonyea kwa vidole, imekuwa tayari. Likitawanyika, bado. Likiwa gumu na kulia "kaa", umepitiliza, lakini litauzika kama peremende. Tia kakao na hiliki, changanya upesi, mimina kwenye sinia iliyopakwa mafuta ya nazi. Ikipoa kata vipande vidogo, viringisha kwenye unga wa kakao au nazi iliyokunwa na kukaangwa kavu, funga kila kimoja kwa karatasi yake.

Ukitaka kuweka karanga, chagua kwanza. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi tupa, usimpe hata kuku. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga wala kwa sukari, na mlaji hawezi kuionja.

Bei anza na hesabu ya sukari, nazi, kakao, siagi, mkaa na karatasi, kisha weka na muda wako. Akina mama wengi wanauacha huo wa mwisho, kana kwamba saa mbili za kusimama jikoni hazina mwenyewe. Ukitaka kuingia madukani na siyo sinia tu, nenda SIDO wakuongoze kwenye vifungashio na alama ya ubora ya TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia pia usalama wa chakula.

Hifadhi kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri. Tofi ya tui maliza ndani ya wiki moja, kashata ya nazi ndani ya siku nne. Masika yakianza sukari itanyonya unyevu na vipande vitanata, kwa hiyo miezi hiyo pika nusu ya kawaida yako, asubuhi, na uuze siku hiyo hiyo.