Nyayo za Maradhi ya Nguruwe

Huenda, msomaji, kwenu hamfugi nguruwe wala hamli nyama yake. Hata hivyo nakuomba ufuatane nami, kwani habari hii ilianza kuandikwa katika nchi yetu ya Kenya, nayo yafundisha jinsi mwizi awezavyo kujulikana kwa nyayo zake ingawa hakuna aliyemwona.

Yapata mwaka 1910 walowezi wa Kizungu waliofuga nguruwe wa Ulaya walianza kupata hasara kubwa. Nguruwe aliyeonekana mzima jana, leo alishikwa na homa kali, akakataa kula, akawa mwekundu masikioni na tumboni, na baada ya siku chache akafa. Walioshikwa karibu wote walikufa. Daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery aliyachunguza maradhi hayo, na mwaka 1921 akatangaza kwamba hayakuwa homa ya nguruwe iliyojulikana Ulaya, kwa kuwa mnyama aliyekingwa na ile hakusalimika na hii. Aliwashuku pia ngiri wa porini. Shaka yake ilikuwa na msingi: baadaye ilithibitika kwamba ngiri huchukua virusi hivyo bila ya kuugua, na papasi wakaao katika mashimo yao huvipitisha kutoka mnyama hata mnyama. Mwanadamu haambukizwi, lakini hasara ni yake.

Mwaka 1957 maradhi yalizuka Lisbon, Ureno, kwa nguruwe waliolishwa makombo ya chakula cha ndege za abiria. Yakazimwa, yakarudi mwaka 1960, yakaenea Hispania na kwingineko, hata yakavuka bahari na kufika Kuba mwaka 1971. Hispania haikuokoka nayo kabisa hata mwaka 1995. Kisha, mwaka 2007, yakatokea mahali pasipotazamiwa: Georgia, kando ya Bahari Nyeusi, karibu na bandari ya Poti. Je, yalitoka wapi? Yalitoka Sardinia, kisiwa cha Italia kilichokuwa nayo tangu mwaka 1978, au yalitoka Afrika?

Nguruwe hasemi, na mtu aliyeleta mzigo wenye madhara mara nyingi hajui alichokileta. Basi wataalamu waliviuliza virusi vyenyewe. Kila kirusi kina maandiko ya urithi yaitwayo jenomu. Maandiko hayo hutumia herufi nne tu, nayo ya maradhi haya yana urefu wa herufi zipatazo 190,000. Fikiri wanafunzi wanaonakili insha, kila mmoja kutoka kwa mwenzake. Mmoja akikosea neno, wote wanaonakili kwake watalirithi kosa lile. Mwalimu akiyakusanya madaftari na kuyalinganisha, aweza kutambua nani alinakili kwa nani. Virusi navyo vizaapo hujinakili, na makosa madogo ya kunakili ndiyo nyayo tunazozifuata.

Wataalamu wa Pirbright, Uingereza, walisoma sehemu za jenomu ya virusi vya Georgia, wakazilinganisha na za virusi vya nchi nyingine. Kwa muda mrefu virusi hivi vimegawanywa katika aina 24. Vile vya Lisbon na vya Sardinia ni vya aina ya I. Vya Georgia vilionekana kuwa vya aina ya II, ndugu wa karibu wa virusi vya Msumbiji, Madagaska na Zambia. Kwa hiyo Sardinia haikuwa na hatia. Ilikuwa safari mpya, nayo ilianzia kusini-mashariki ya Afrika. Wengi hudhani ilikuwa kwa makombo ya meli. Wala lawama haikuiangukia Kenya, ingawa maradhi yalitambuliwa hapa kwanza, kwani virusi vilivyopatikana kwa nguruwe wa Kenya ni vya aina ya IX na ya X. Waona, basi, kwamba mahali jambo lilipoandikwa kwanza si lazima pawe ndipo lilipotokea.

Kutoka Georgia ukoo ule uliingia Urusi, ukafika Lithuania na Poland mwaka 2014, na mwezi wa Agosti 2018 ukaingia China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko zote duniani. Jenomu zilizosomwa huko zilikaribia kufanana kabisa na zile za Georgia.

Hata hivyo usidhani kwamba elimu hii haina mipaka. Virusi hivi hubadilika polepole, na kipande kifupi cha maandiko hakitoshi kuwatenga ndugu wa karibu. Yapasa kusoma jenomu nzima. Ndivyo ilivyofanywa Ujerumani baada ya mwaka 2020, na matawi mbalimbali ya ukoo ule yakatambulikana miongoni mwa nguruwe mwitu. Tena jenomu hutuonyesha ndugu, lakini haitutajii mkono uliobeba. Hapana budi mtu aende kwa miguu, aulize habari za makombo, magari, viatu na masoko.

Hapo ndipo shauri hili linapotuhusu sisi. Wako wazazi wanaolipa ada za shule kwa kuuza nguruwe wawili au watatu. Zizi likiingiwa na homa hii, ambayo haina dawa ya kuiponya, mfugaji hushawishika kuuza upesi wale walio hai kabla jirani hawajajua. Nani atamlaumu kwa wepesi? Lakini nguruwe huyo auzwaye hupeleka msiba kwenye zizi la mwenziwe, na daktari akosaye damu ya kupima hana maandiko ya kusoma. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kilio humfichua. Ukipata kuwa mfugaji, au daktari wa mifugo, kumbuka kwamba nyayo hufuatika zikiwa bado mbichi.