Thomas Waller na Vinanda Vyake Viwili

Leo twataka kuwasimulia habari za Thomas Wright Waller, mtu mweusi wa Marekani, aliyekuwa hodari wa kupiga piano na kinanda cha kanisani, tena mtunzi wa nyimbo zilizoenea ulimwenguni. Rafiki zake walimwita Fats, maana yake Mnene, kwa sababu ya ukubwa wa mwili wake. Alizaliwa mwaka wa 1904, akafariki mwaka wa 1943. Maisha yake yalikuwa mafupi, lakini yana funzo kwa kila mtu alaye jasho la mikono yake.

Pengine mtu wa Oloipiri atauliza: "Habari za mpiga piano wa New York zatuhusu nini sisi, tukaao katika nchi ya ng'ombe na majani, upande wa Loliondo?" Swali hili ni la haki, nasi twalijibu kwanza. Jina la muziki alioupiga Waller, yaani jazz, lilivuka bahari zamani likafika kwetu. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka wa 1932, na Morogoro Jazz mwaka wa 1944. Baadaye miji mingi ya Tanganyika ilikuwa na bendi zenye jina hilo, ingawa magitaa na tarumbeta zao zilifuata zaidi midundo ya Kuba, na ya Kongo, na ya ngoma zetu wenyewe. Basi yafaa tujue jina hili lilitoka kwa watu wa namna gani.

Tena, ufundi wenyewe si mgeni kwetu kama tunavyodhani. Wamasai hawapigi ngoma. Muziki wao ni koo za watu, na siku ya sherehe kubwa husikika pembe ya tandala. Mtu mmoja, aitwaye olaranyani, huongoza wimbo kwa sauti ya juu, na wenzake humwitikia kwa sauti nzito zitokazo kooni, zenye mwendo mmoja kama hatua za miguu. Mwenye kulifahamu jambo hili amekwisha fahamu nusu ya ufundi wa Waller. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kundi la waitikiaji: uliruka kutoka sauti nzito ya chini mpaka sauti kadha za katikati zilizopigwa pamoja, ukarudi chini tena, pasipo kukosa mwendo hata mara moja. Mkono wake wa kulia ulikuwa olaranyani: uliimba, ukacheza, ukachelewa kidogo kwa makusudi, kisha ukawahi. Mtu mmoja peke yake akawa kundi zima. Watu wa New York waliuita upigaji huo kwa neno lenye maana ya hatua ndefu, na kweli vidole vya Waller vilikuwa virefu hata akaweza kuvifikia vibao kumi vya piano kwa mkono mmoja.

Wazazi wake walitoka Virginia, jimbo la kusini, ambako watu weusi walikuwa watumwa mpaka mwaka wa 1865. Walihamia New York kutafuta riziki, wakakaa katika mtaa wa Harlem. Walizaa watoto 11, lakini watano tu ndio waliopona utotoni. Baba, Edward Waller, alikuwa mchukuzi wa mizigo, na siku za ibada alihubiri Injili. Mama, Adeline, alipenda muziki. Thomas alianza piano akiwa na umri wa miaka sita, na angali mtoto akakipiga kinanda katika ibada za baba yake.

Hapa yafaa tueleze tofauti ya vinanda hivi viwili. Katika piano, ukibonyeza kibao, nyundo ndogo hupiga uzi wa chuma. Sauti hutoka, kisha hufifia yenyewe. Katika kinanda kikubwa cha kanisani, upepo husukumwa ndani ya mabomba mengi, mengine madogo kama filimbi, mengine marefu kama mti. Ukibonyeza kibao, upepo huingia katika bomba lake, na sauti haifi mpaka uondoe kidole. Miguu nayo ina vibao vyake vya kukanyaga. Piano huweza kukimbia; kinanda cha mabomba ni kama mzee mwenye heshima, hujibu polepole. Kumfanya mzee huyo acheze dansi ni kazi ngumu sana, na Waller alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuiweza.

Baba yake alitaka awe mhubiri, naye aliuona muziki wa dansi kuwa ni kazi ya Shetani. Lakini kijana, alipopata umri wa miaka kama 15, aliajiriwa kupiga kinanda katika Lincoln Theatre, nyumba ya sinema ya Harlem. Siku zile picha za sinema zilikuwa hazina sauti, hivyo mpiga kinanda alikaa mbele ya watazamaji akaipa kila picha muziki wake: wa mbio, wa huzuni, wa kicheko. Humo alikuja kijana mwingine, William Basie, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa jina la Count Basie. Alikaa karibu na miguu ya Waller akitazama jinsi anavyokanyaga vile vibao, hata naye akajifunza. Ndivyo elimu ya fundi ilivyo; huanza kwa macho.

Mwaka wa 1920 mama yake alifariki. Thomas aliondoka nyumbani kwa baba yake akaenda kukaa kwa watu waliompenda, ndipo akakutana na James P. Johnson, bingwa wa piano wa Harlem, aliyemchukua kuwa mwanafunzi wake. Mwaka wa 1922 Waller alitoa santuri zake za kwanza za piano. Na mwaka wa 1926 kampuni ya Victor ilimwita mji wa Camden, katika jimbo la New Jersey. Kampuni hiyo ilikuwa imenunua kanisa zima, pamoja na kinanda chake cha mabomba, ili kutengenezea santuri ndani yake. Fikirini basi: mtoto wa mhubiri akiketi ndani ya jengo lililokuwa kanisa, akipiga muziki ule ule aliokatazwa na baba yake. Wasikiao santuri hizo leo husikia mambo mawili kwa pamoja, utulivu wa ibada na furaha ya dansi, wala hayagombani.

Sasa twafika kwa rafiki yake mkubwa, Andy Razaf, mtunga maneno ya nyimbo. Mtu huyu asili yake yatoka bahari yetu hii ya Hindi. Baba yake alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Bukini, kisiwa ambacho leo twakiita Madagaska, mpwa wa Malkia Ranavalona III. Mama yake alikuwa binti wa John Waller, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani, kisha akawa mjumbe wa serikali ya Marekani kisiwani humo. Jina lake lafanana na la rafiki yetu, lakini msidhani kuwa ndilo lililowakutanisha wawili hawa. Mwaka wa 1895 majeshi ya Ufaransa yaliiteka Bukini. Baba alikufa katika vita vile, na mama, msichana mdogo mwenye mimba, alirudi Marekani. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule Andy akazaliwa Washington. Hivyo mtoto aliyekuwa mjukuu wa nyumba ya kifalme alikua akitafuta mkate wake mitaani kama maskini wengine.

Wawili hao walifanya kazi kwa haraka ya ajabu: Waller akilipata tuni kwenye piano, Razaf akaandika maneno papo hapo. Mwaka wa 1929 walitunga, pamoja na Harry Brooks, nyimbo za mchezo wa kuigiza ulioitwa Hot Chocolates. Humo mlikuwa na wimbo wa Ain't Misbehavin', ambao Louis Armstrong, mpiga tarumbeta, aliupiga na kuuimba hata jina lake likaenea New York nzima. Mlikuwa na wimbo mwingine pia, Black and Blue, juu ya huzuni ya mtu anayedharauliwa kwa rangi ya ngozi yake.

Na mwaka ule ule, nyimbo hizo zikiwa zaimbwa kila usiku, Waller aliuza haki zake. Alimpa mchapishaji mmoja karibu nyimbo 20 kwa jumla ya dola 500.

Kwa nini alifanya hivyo? Tuseme kweli. Alikuwa na deni la matunzo ya mke wake wa kwanza waliyeachana, na kwa deni hilo aliwahi kufungwa gerezani. Tena alipenda kula sana na kunywa sana, na fedha haikukaa mfukoni mwake. Lakini kosa halikuwa lake peke yake. Siku zile mtunzi mweusi alikuwa na milango michache ya kubisha, na wanunuzi walijua kwamba mwenye njaa hana subira.

Mtu wa Oloipiri atalifahamu jambo hili upesi kuliko mtu wa mjini. Wimbo ni kama ng'ombe jike. Kila santuri iuzwapo, na kila mara wimbo upigwapo katika redio au ukumbini, mwenye wimbo hustahili fungu lake, liitwalo mrabaha. Hayo ndiyo maziwa. Mwenye shida ya leo huweza kuuza maziwa, na kesho akakamua tena. Lakini Waller alimtoa ng'ombe mwenyewe, na maziwa ya miaka mingi yakaenda katika vibuyu vya watu wengine.

Baada ya hapo sifa yake ilizidi kukua. Mwaka wa 1932 alipata kipindi chake katika redio ya WLW ya Cincinnati, na mwaka wa 1934 akarudi kwa Victor akiwa na bendi yake mwenyewe iliyoitwa His Rhythm. Mara nyingi alipewa nyimbo dhaifu azitoe katika santuri. Yeye alizichekelea wakati wa kuziimba, akaongeza mizaha yake, na huku vidole vyake vikazipa uzuri ambao watunzi wake hawakuuweka. Watu walimpenda kwa kicheko hicho, wakanunua santuri zake kwa wingi. Lakini kicheko kilimziba pia. Wengi walimwona mchekeshaji tu, wakasahau kwamba kinanda cha mabomba ndicho alichokipenda kuliko vyote.

Mwaka wa 1938 alipokwenda Uingereza, alipata nafasi ya kuonyesha moyo wake. Huko London alitoa santuri za kinanda kikubwa, na nyimbo alizozichagua zilikuwamo zile za dini ambazo watu weusi waliziimba katika siku za utumwa, kama Go Down, Moses na Deep River. Humo hamna mzaha. Mwenye kuzisikiliza humwona tena yule mtoto akipiga kinanda katika ibada za baba yake.

Mwaka wa 1943 alionekana katika sinema ya Stormy Weather, na muziki alioutunga kwa mchezo wa Early to Bed ukachezwa Broadway. Lakini mwili wake ulikuwa umechoka kwa safari, na kazi za usiku, na pombe. Mwezi wa Desemba aliondoka California kwa gari la moshi kurudi nyumbani. Tarehe 15 ya mwezi huo, karibu na Kansas City, alikutwa amekufa kwa ugonjwa wa mapafu, angali na umri wa miaka 39. Maziko yalifanyika katika kanisa la Abyssinian la Harlem, na maelfu ya watu wakaja. Yule aliyeliacha kanisa kwa ajili ya dansi alirudishwa kanisani na watu wale wale waliocheza dansi kwa muziki wake.

Kazi yake haikuzikwa pamoja naye. Kinanda cha umeme kilichouzwa na Laurens Hammond tangu mwaka wa 1935 kiliwawezesha wapigaji kubeba sauti ya kanisani mpaka katika kumbi ndogo, na wapiga jazz waliokitumia, kama Jimmy Smith tangu mwaka wa 1956, walipita njia ambayo Waller alikuwa ameifyeka. Mwaka wa 1978 nyimbo zake zilichezwa tena Broadway, katika mchezo ulioitwa kwa jina la ule wimbo wake mashuhuri.

Wala msidhani kuwa mambo haya ni ya Marekani tu. Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini, aliimba wimbo wake Mbube katika santuri mwaka wa 1939, akauza haki zake kwa shilingi kumi. Wimbo ule ulizunguka dunia yote, naye akafa maskini mwaka wa 1962. Watoto wake hawakupatana na wenye wimbo mpaka mwaka wa 2006. Hapa Tanzania sheria ya hakimiliki ya mwaka wa 1999 yamlinda mtunzi, lakini sheria haiwezi kumlinda mtu aliyetia sahihi asichokisoma.

Basi, ninyi vijana wa shule, na ninyi wenye sauti nzuri ambao wageni huja na mashine kuzinasa, kumbukeni habari za Waller. Jifunzeni kazi kwa bidii kama alivyojifunza yeye, wala msione haya kwa furaha yenu. Lakini ajapo mtu na karatasi na kalamu, isomeni karatasi kwanza, mkamwulize mwenye kujua. Mpeni maziwa kwa bei ya haki, na ng'ombe abaki zizini.