Vichwa vitano, namba moja

Mitihani imeisha, usingizi nimelipa, sasa nina deni la kuwasimulia yaliyonikuta Jumamosi kwenye chumba cha treni za mfano, chini ya bweni letu. Ndiyo, hapa Ujerumani watu wazima na ndevu zao wanachezea treni, tena bila aibu.

Nilipewa kazi ndogo tu: kichwa kipya cha treni kipewe anwani 24. Kwa kawaida kichwa chenye dikoda kinatoka kiwandani kikiwa na anwani 3, kwa hiyo ukinunua viwili lazima kimoja ukibadilishe. Mimi kwa haraka zangu nikachomeka waya wa kuandikia kwenye reli ya meza kuu badala ya kile kipande cha reli kilichotengwa pembeni. Nikabonyeza. Nikaita 24, nikazungusha kitufe... jamani! Vichwa vitano vikaondoka kwa pamoja, na viwili vikagongana uso kwa uso.

Sasa kwa nini mfumo wa kisasa unaruhusu upuuzi huo? Ukifuatilia historia unaelewa.

Zamani treni hizi hazikuwa na majina. Ukiongeza volti kwenye reli, kila kichwa kilicho juu yake kinatembea. Ukitaka viwili viende tofauti, unaigawa reli vipande na kila kipande unakiwekea swichi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 General Electric ya Marekani ikaleta ASTRAC, iliyoweza kuita vichwa vitano, kila kimoja kwa masafa yake. Mwaka 1979 Hornby ya Uingereza ikaleta Zero 1, ikafika 16. Katikati ya miaka ya 1980 Märklin wa hapa Ujerumani wakafika anwani 80. Ila kuibadilisha anwani ilibidi ushike bisibisi, ufungue bodi na kupanga swichi ndogo ndogo ndani.

Mwishoni mwa muongo huo kampuni ya Lenz, ya hapahapa, ikatengeneza mfumo mwingine kwa ajili ya Arnold na Märklin. Chama cha NMRA cha Marekani, kilichoanzishwa 1935, kikauchukua kama msingi wa kanuni ya wote, na katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 ikazaliwa DCC. Hapo ndo dikoda ya kampuni hii ikaanza kuelewana na kifaa cha kampuni ile.

Katika DCC anwani ni namba iliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu ya dikoda, katika vyumba vinavyoitwa CV. Anwani fupi, 1 hadi 127, inakaa CV 1. Lakini watu wanapenda namba iliyopakwa ubavuni mwa kichwa halisi, na mara nyingi hiyo ina tarakimu nne. Kwa hiyo ikawekwa anwani ndefu, inayogawanywa kati ya CV 17 na CV 18, na kwenye CV 29 kuna biti moja inayosema itumike ipi. Bisibisi ikapumzika.

Ila hapo kuna fumbo. Utamwitaje kwa jina mtu ambaye jina lake hulijui, au umelisahau? DCC ilijibu hivi: amri ya kuandika kwenye reli ya pembeni haina anwani kabisa. Yeyote anayeisikia anaitii. Ndiyo maana kichwa kinatakiwa kiwe peke yake. Swichi za zamani zilikuwa kero, lakini hazikuweza kukosewa na vichwa vitano kwa mpigo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kimoja kilikuwa cha mzee mmoja wa pale. Alikipa namba ya kichwa alichokuwa akikiendesha marehemu baba yake, na siku ile mzee hakuwepo. Hakuna mwenzetu aliyeikumbuka namba. Nilishafikiri nimeifuta.

Nikakiweka kwenye kipande cha pembeni, safari hii peke yake, nikaanza kusoma. Kichwa hakina mdomo. Kinajibu kwa kuvuta umeme kidogo zaidi, angalau miliampia 60 kwa milisekunde sita hivi, na unakiona kikitikisika. CV 17 ikajibu 198. CV 18 ikajibu 209. Toa 192 kwenye 198, inabaki 6. Mara 256, jumlisha 209, unapata 1745. Namba ilikuwepo muda wote! Mimi nilikuwa nimeandika anwani fupi tu, na ile biti ya CV 29 ikazimwa. Nikaiwasha, nikaita 1745, kikatembea.

Jumatatu mzee alikuja nikamweleza yote. Hakusema kitu, alikiita tu kwa namba yake, akakiangalia kikizunguka mara mbili. Kisha akaning'inizia kibao kwenye ule waya: "KIMOJA KIMOJA".

Haya, tutaonana wiki ijayo.